Mama yuko kwenye kemo, daktari kagusia bangi ya dawa, ila mji wetu umepiga marufuku maduka. Nifanyeje?

Kitindamimba

Wakuu heshima kwenu. Naandika nikiwa kwenye korido ya hospitali, simu ina asilimia 14, makosa mtanisamehe.

Tuko California ya kusini, mji mdogo ambao sitautaja maana huku tunajuana wote. Mama ana miaka 67, amemaliza kemo ya tatu ya saratani na kichefuchefu ndo kinammaliza kuliko ugonjwa wenyewe. Dawa za kuzuia kutapika amebadilishiwa mara mbili, ya kwanza ilimfunga choo siku tano, ya pili inamlaza tu, na akiamka anatapika vilevile. Juzi nimempelekea maji kwenye glasi akayasukuma, eti yananuka. Maji jamani! Kapungua kilo tisa.

Sasa daktari wake, mtu mzima na anaheshimika, akafunga mlango akashusha sauti kama mtu anayeuza tiketi za magendo, akasema kuna wagonjwa wake wanatumia bangi ya dawa na wengine inawasaidia, tufikirie. Nikamwambia basi tuandikie. Akasema haruhusiwi kuandika, anaruhusiwa kupendekeza tu. Tofauti yake mpaka leo sijaielewa.

Nyumbani nikafanya kosa, nikamwambia mama kesho nakupeleka dispensari. Asubuhi namkuta kashavaa, faili la hospitali kwapani, kadi ya bima mkononi, ananiuliza kama watampima presha kwanza. Ikabidi nimkalishe nimweleze dispensari ya huku sio ile ya sindano na panadol, ni duka la bangi. Akanyamaza dakika nzima halafu akasema, "Yaani nimelea watoto sita hakuna hata mmoja aliyevuta bangi, halafu nianze mimi?"

Basi nikaingia mtandaoni kutafuta duka lenyewe na hapo ndo nikagundua mji wetu umeyakataza yote. La karibu ni mji wa jirani, dakika 40 kwa gari, na mama hawezi kukaa kwenye gari dakika 10 bila ndoo. Mwezi ujao baraza la mji linasikiliza pendekezo la kuruhusu maduka mawili tu, tena kwenye eneo la viwanda. Majirani washaanza kusimika mabango ya kupinga kwenye bustani zao.

Nauliza: mji unawezaje kukataza kitu ambacho jimbo zima lilipigia kura? Naweza kuagiza waniletee nyumbani? Na hii kadi ya mgonjwa ninayoisikia ni lazima? Mwenye uzoefu anisaidie, wale wa utani leo nipisheni.

Mzee wa Vifungu

Pole sana kijana, mama atapona inshallah. Nakujibu kwa urefu maana hili swali la mji kukataza linawachanganya hata wenyeji waliozaliwa hapo.

Kura unayoisema ni ya Novemba 1996, Pendekezo namba 215, lilipita kwa karibu asilimia 56 na California ikawa jimbo la kwanza Marekani kuruhusu bangi ya tiba. Lakini kalisome lile andiko lenyewe, ni fupi mno. Lilisema mgonjwa mwenye pendekezo la daktari, pamoja na mtu anayemhudumia, wasishtakiwe na jimbo kwa kuwa na bangi au kuipanda kwa ajili ya tiba. Basi. Duka halikutajwa, leseni haikutajwa, umbali kutoka shuleni haukutajwa. Yaani ulipewa haki ya kutoshtakiwa, hukupewa haki ya kuwa na duka jirani. Ndani ya huo upenyo ndimo miji yote imepita.

Mwaka 2003 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kadi za wagonjwa na kuruhusu wagonjwa kulima kwa ushirika, na watu wakaitumia hiyo "ushirika" kufungulia maduka. Los Angeles ndo ilikuwa vituko. Mwaka 2007 jiji likasema hatutaki duka jipya, waliopo wajiandikishe, na baada ya hapo maduka yakaota kama uyoga. 2012 wakapiga marufuku yote wakafuta wenyewe miezi michache baadaye, mpaka Mei 2013 wananchi wakapiga kura kubakiza yale ya zamani tu, kama 135 hivi. Oakland kwa upande wao walikuwa na akili ya biashara, 2004 wakatoa vibali vinne tu, 2009 wakawa mji wa kwanza kuyatoza maduka hayo kodi yake maalumu.

Kesi ya kukumbuka ni ya Mei 2013, mji wa Riverside dhidi ya kituo kimoja cha wagonjwa. Mahakama ya juu ya California, majaji wote kwa kauli moja, ikasema mji una mamlaka juu ya matumizi ya ardhi yake na unaweza kukataza dispensari moja kwa moja, na Pendekezo 215 haliuzuii. Halafu 2016 likapita Pendekezo 64 la kuruhusu watu wazima wote, nalo limeandika waziwazi kwamba mji au kaunti inaweza kukataa maduka ndani ya mipaka yake. Mpaka leo zaidi ya nusu ya miji na kaunti za California hazina duka lenye leseni. Kwa hiyo mji wenu haujavunja sheria, umetumia mlango ambao sheria yenyewe iliuacha wazi.

Sasa habari njema. Mwaka 2022 bunge likaona hii imezidi, wagonjwa wanateseka, likapitisha sheria iliyoanza kazi Januari 2024: mji unaweza kukataza duka lakini hauwezi tena kuzuia mgonjwa kuletewa bangi ya tiba mlangoni. Kwa hiyo swali lako la pili jibu ni ndio, mradi muuzaji ana leseni ya jimbo na mama ana pendekezo la daktari.

Kuhusu kuandika na kupendekeza. Sheria ya nchi nzima ya 1970 iliiweka bangi daraja la kwanza pamoja na heroini, na dawa ya daraja la kwanza hakuna daktari anayeweza kuiandikia cheti cha famasi. Serikali kuu iliwahi kutishia kuwanyang'anya madaktari kibali cha kuandika dawa kwa sababu ya kuitaja tu, na 2002 mahakama ya rufaa ya huko magharibi ikasema hapana, daktari kumshauri mgonjwa ni uhuru wake wa kusema. Ndo maana daktari wako kashusha sauti. Ananong'ona kwa mazoea tu, kosa hana.

chapchap87

Mzee umeandika kitabu 😂 ila asante, miaka 9 niko hapa nilikuwa najua miji inayokataza inavunja sheria.

Kaunta ya Usiku

Mimi nimeuza kwenye hayo maduka miaka mitatu, Bay Area kule San Francisco, duka lenye leseni, silitaji jina. Ngoja nikwambie kinavyokuwa maana watu wanafikiri ni kijiwe.

Mlangoni kuna mlinzi anaangalia kitambulisho kabla hujavuta hewa ya ndani. Chini ya miaka 21 huingii labda uwe na pendekezo la daktari, hapo ni 18. Unaingia chumba cha kwanza, kitambulisho kinaskaniwa tena, ndo mlango wa pili unafunguliwa. Kamera kila mahali, mpaka juu ya mkono wangu ninapofungua droo, na picha lazima zitunzwe siku 90. Mwisho wa kuuza ni saa nne usiku, ikifika hata dakika moja mbele mashine inagoma. Ukishalipa mzigo unawekwa kwenye mfuko usioonyesha ndani. Kazi ilikuwa kama ya benki, tofauti ni harufu.

Na tukizungumzia benki. Pesa zilikuwa noti tupu kwa sababu benki nyingi zinaogopa serikali kuu. Nimehesabu noti mpaka vidole vikawa vyeusi. Halafu bosi hakuruhusiwa kukata gharama kwenye kodi ya serikali kuu: pango, mishahara yetu, umeme, hakuna, kwa sababu ya kifungu cha 1982 kilichowekwa kwa ajili ya wauza unga. Ndo maana bei iko juu mzee wangu, watu wanatulaumu sisi wa kaunta.

Kwa mama yako zingatia hili. Ukiagiza, kwanza ingia tovuti ya idara ya bangi ya jimbo utafute leseni ya muuzaji kwa jina. Maduka feki yapo, yanapendeza, yana mpaka taa za rangi. Mzigo ukifika tafuta alama ya pembetatu yenye jani la bangi na alama ya mshangao, na chini yake herufi CA. Hamna hiyo alama, rudisha. Ya kula yenye leseni haizidi miligramu 10 za THC (kile kinacholevya kwenye bangi) kwa kipande na 100 kwa pakiti nzima, ukikuta pakiti imeandikwa 500 ujue haijapita maabara ya mtu yeyote.

Kadi. Wengi wanaikimbilia bila kupiga hesabu. Mtu wa miaka 21 na kuendelea ananunua bila kadi. Faida kubwa ya kadi ya kaunti ni kusamehewa kodi ya mauzo, ambayo inaanzia asilimia 7.25, kodi ile nyingine maalumu ya bangi unailipa palepale. Kadi yenyewe inaweza kufika dola 100 kwa mwaka, mwenye Medi-Cal, ile bima ya jimbo ya wenye kipato kidogo, nusu. Kwa kiwango hicho cha chini mpaka irudishe hela yake unatakiwa ununue mzigo wa kama dola 1,400. Mama yako wa kipande kimoja usiku hafiki huko.

Mkaa Oklahoma

Mimi nitakuwa tofauti kidogo na najua mtanirushia mawe.

Dada/kaka mleta uzi pole kwa mamako, kwake sina neno. Ila hao majirani wenye mabango msiwacheke. Mimi naishi Oklahoma. Huku 2018 wananchi walipitisha bangi ya tiba, na sheria ikaandikwa kinyume na yenu kabisa, mji HAURUHUSIWI kubana matumizi ya ardhi ili kuzuia duka. Leseni ilikuwa dola 2,500, hamkuwa na kikomo cha idadi, na hamna hata orodha ya magonjwa, daktari akiona sawa ni sawa. Kilichotokea ni maduka zaidi ya 2,000 kwenye jimbo la watu milioni nne, tukawapita California kwa idadi, na nyie mko karibu milioni 39! Barabara ninayopeleka watoto shule nilihesabu saba, ukiacha lile lililokuwa kituo cha mafuta. Ilibidi Agosti 2022 jimbo lisimamishe leseni mpya kabisa. Na 2023 tulipoulizwa kama tunataka na ya starehe tukaikataa, sio kwa ushamba, watu walikuwa wamechoka.

Kwa hiyo mji kuwa na sauti ya mwisho sio ubaya moja kwa moja. Maduka mawili, eneo la viwanda, futi za kutoka shuleni zinajulikana, kwangu mimi hilo ni pendekezo la watu wazima na akili zao. Waliopitiliza ni wale wa kukataza yote, kama waliopitiliza ni sisi wa kuruhusu yote.

Kitindamimba

Nashukuru sana wote. @Mkaa Oklahoma hakuna jiwe mkuu, nimekuelewa, na kiukweli mmoja wa hao wenye mabango ndo anatuletea chakula kila Jumatano tangu mama aanze kemo, sina ugomvi naye.

Basi nimeelewa hivi: naomba daktari aweke pendekezo kwenye karatasi, natafuta mwenye leseni, naagiza vya kula vidogo. Mama hatavuta hata kwa dawa. Mimi ntaenda barazani kuongea. Kuna nilichosahau?

Dada Sindano

Kuna mengi umesahau mdogo wangu, mimi ni nesi, wodi ya saratani miaka 11. Nakwambia kama ninavyowaambia ndugu wa wagonjwa wangu.

Kwanza vizuri mmekataa kuvuta, na sio kwa aibu. Mtu wa kemo kinga yake iko chini na majani ya bangi yanaweza kuwa na ukungu aina ya Aspergillus, kwenye mapafu ya mtu mzima mwenye afya haufanyi kitu, kwenye mapafu ya mama unaweza kumuua. California wanaupima maabara ndiyo, ila mimi simwekei mgonjwa wangu dau kwenye hilo.

Ya kula nayo ina ujanja wake. Ukivuta inapanda dakika chache, ukila inachukua nusu saa mpaka masaa mawili, na hapo ndo watu wanapokosea, anakula kimoja, dakika 40 haoni kitu, anakula cha pili, halafu vyote vinapanda pamoja na havishuki mpaka masaa sita nane yapite. Nimempokea babu mmoja kapigiwa simu ya dharura, familia inalia eti kapata kiharusi, kumbe kala vipande vitatu vya jeli vya mjukuu. Alikuwa ananishika mkono ananiuliza kama dari linashuka. Wazee tunaanza na miligramu 2.5, yaani unakata robo ya kile cha kumi, usiku, na ukimpa usimwache aende chooni peke yake maana presha inashuka akisimama na nyonga ikivunjika katikati ya kemo ni balaa juu ya balaa.

Halafu orodha ya dawa zake zote ipelekwe kwa mfamasia KABLA. Kama anatumia warfarin ya kuyeyusha damu, bangi inaweza kuipandisha nguvu akavuja damu. Na ujue pia wanaoitumia sana kwa muda mrefu kuna wanaoishia kutapishwa na hiyohiyo bangi, wanakuja kwetu wanaoga maji ya moto siku nzima ndo wapate nafuu. Sio sukari guru hii.

Ila swali langu kubwa, hivi daktari hajawataja dronabinol? Au nabilone, ndugu yake? Dronabinol ni THC ileile iliyotengenezwa kiwandani, imekubaliwa na mamlaka ya dawa ya Marekani tangu 1985 kwa kichefuchefu cha kemo kilichoshindikana, ni kidonge cha famasi cha kawaida. Muulizeni.

Fomu na Mihuri

Nimesoma uzi mzima nasubiri mtu aulize, hajauliza, naomba niulize mimi. Mama yako ana uraia?

Kitindamimba

Hapana, ana grinikadi, anafikisha miaka mitano mwakani tuombe uraia. Kwa nini?

Fomu na Mihuri

Nilijua. SIMAMA HAPOHAPO.

Mimi najaza fomu za watu za uhamiaji nikiwa chini ya wakili, na hili nimeliona na machozi yake. Wote hapo juu wamekueleza vizuri jimbo linasemaje na mji unasemaje. Uhamiaji hauko kwenye jimbo wala mji. Uhamiaji ni serikali kuu, na kwa serikali kuu bangi ya dukani ni haramu tangu 1970, pendekezo la daktari liwepo lisiwepo. Mahakama kuu ya nchi ilishalimaliza hili 2005 kwenye kesi ya Gonzales na Raich, mama mgonjwa wa California hukohuko, bangi kapandiwa bila kununua, akashindwa kwa majaji sita kwa watatu.

Na Aprili 2019 idara ya uraia ikatoa mwongozo wa maandishi, inasema wazi kuvunja sheria ya bangi ya serikali kuu kunaweza kumfanya mtu ahesabike hana mwenendo mwema hata kama jimbo lake limeruhusu. Hata kufanya kazi kwenye duka lenye leseni imo. Sio lazima ukamatwe. Kukiri mwenyewe kwenye usaili kunatosha kukuletea matatizo, na mwenye grinikadi akitoka nje ya nchi akirudi akaulizwa uwanja wa ndege akakiri pale, anaweza kuambiwa haingii. Kuna msamaha mwembamba wa kukutwa na bangi ya matumizi yako mara moja, gramu 30 kushuka, ila usijenge nyumba juu yake.

Na msimshauri adanganye, uongo kwenye fomu N-400 ya kuomba uraia ni shimo refu kuliko bangi yenyewe. Dawa ni kutokuwa na cha kukiri. Mama aonane na wakili wa uhamiaji kabla hajagusa kitu, kabla ya pendekezo, kabla ya oda, na wewe kwenye simu yako usihifadhi risiti wala picha za vipande vya jeli.

@Kaunta ya Usiku na wewe ndugu yangu kama hujapata uraia tuwasiliane faraghani.

chapchap87

Fomu unamtisha mtu bure, mbona kuna ile sheria ya 2014 inayozuia serikali kuu kusumbua wagonjwa? Kila mwaka bunge linaihuisha. Tena 2024 walishapendekeza kuishusha bangi mpaka daraja la tatu.

Fomu na Mihuri

Chapchap nakushukuru umeileta maana kila mtu anaileta. Kile kifungu ni cha bajeti. Kinasema wizara ya sheria isitumie hela yake kuzuia majimbo kutekeleza sheria zao za bangi ya tiba. Wizara ya SHERIA. Uhamiaji uko wizara nyingine, usalama wa ndani, hela yao haijaguswa. Na daraja la tatu maana yake ni dawa inayopitia famasi kwa cheti cha daktari, kipande cha jeli cha dukani hata wakishusha daraja hakijawa na cheti.

Ambacho kiko daraja la tatu tangu 1999 ni vidonge vya dronabinol alivyosema Dada Sindano. Daktari anaandika, famasi inatoa, mwenye grinikadi anameza, hana alichovunja popote. Nenda na hilo jina.

Kaunta ya Usiku

Nimekuandikia inbox.

Mzee wa Vifungu

Nakubali kosa langu, nilijibu la mji na la jimbo nikasahau kuuliza ya uraia, na mimi ndo mwenye kofia ya vifungu hapa. Nyongeza moja kwa mleta uzi: nyumba mnayokaa kama kodi yake inasaidiwa na serikali kuu, hiyo ni sababu nyingine ya kutoingiza bangi humo, wana haki ya kuwakatalia.

Barazani nenda tu. Sheria ya mikutano ya wazi ya California ya tangu 1953 inampa mtu yeyote nafasi ya kusema, huulizwi uraia wala hulazimishwi kutaja jina. Sema habari ya mama bila kusema ametumia nini, maana vikao vinarekodiwa. Na waulize jambo moja la maana: sheria ya jimbo inataka futi 600 kutoka shuleni, wao wameongeza mpaka ngapi? Miji mingine inaruhusu maduka mawili kwa karatasi halafu inaweka umbali mrefu kiasi kwamba ukichora duara kwenye ramani hakibaki kiwanja hata kimoja.

Kitindamimba

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita, samahani kwa ukimya.

Nilimpelekea daktari jina nimeliandika kwenye karatasi. Akaniangalia, akasema hilo nalo lipo, alidhani bima itasumbua ndo maana hakulitaja. Na kweli ilisumbua. Siku sita, simu sita, mpaka muziki wa kusubirisha wa ile kampuni nimeukariri. Siku ya saba famasi wakatupigia. Kabla ya kumpa dada wa famasi akauliza kama mama ana mzio wa ufuta, kumbe vile vidonge ndani vina mafuta ya ufuta, nani angejua.

Siku mbili za kwanza kizunguzungu, nilikuwa namshika mkono mpaka chooni kama Dada Sindano alivyosema. Siku ya tatu jioni akaomba uji. Akanywa kikombe, akakaa nacho tumboni, mimi nimesimama na ndoo mlangoni kama fala nasubiri, hakuna kilichotoka. Sio kwamba kapona, kemo ya nne ilimpiga tena, ila kapanda kilo moja na nusu na maji anakunywa.

Nilipomwambia ndani ya kile kidonge kuna nini alicheka mpaka akakohoa. Akasema dada zangu wasijue.

Baraza nilienda. Dakika mbili zangu, saa nyekundu inahesabu mbele yako, nikasema nilichosema, nikauliza la futi. Wameweka futi 1,000 na ile ramani Mzee wa Vifungu aliyoisema hakuna aliyekuwa ameichora, afisa mipango akaanza kupekua makaratasi, mwisho wakaahirisha kupiga kura mpaka ramani ipatikane. Jirani yangu wa mabango alikuwa mstari wa nyuma. Tulirudi naye kwenye gari moja, hatukuzungumza bangi.

Swali dogo: kopo limeandikwa litunzwe pa baridi. Friji kabisa au kabatini inatosha?

Dada Sindano

Friji, mdogo wangu. Sio freezer. Na weka juu kabisa ambapo wajukuu hawafiki.